Daraja la Wafiwa

Iko nchi moja ambayo sitaitaja jina, si kwa woga, ila jina lenyewe liko ofisini linasubiri kuidhinishwa. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani. Mkiiona mtasema ni kwenu, halafu mtanitafutia ubaya bure.

Nchi nyingine zina majeshi makubwa, nyingine zina mafuta. Sisi tuna Wizara ya Rambirambi. Nasema bila kujipendelea, ingawa ndiyo mwajiri wangu: hakuna wizara inayochapa kazi kama hii. Mtu akifa popote, hata kule ambako mwalimu hajakanyaga na dawa ya malaria inasikika redioni tu, Wizara inafika kabla kilio hakijashika kasi. Yanafika maturubai, vinafika viti vya plastiki, zinafika sufuria za pilau pamoja na wapishi, vinafika vipaza sauti, na mwisho anafika Mheshimiwa Waziri mwenyewe, Hodari Ndimbo, leso mkononi. Nimeona watu walioumwa mwaka mzima bila kuonwa na nesi, lakini walipokata roho tu serikali nzima ikaja. Mwenye moyo wa shukrani ataona kwamba serikali hiyo inajali. Inachelewa kidogo tu.

Mimi naitwa Mahimbo, Msomaji Mkuu wa Wasifu wa Marehemu, Kanda ya Mto. Kazi yangu ni kusimama mbele ya waombolezaji na kusoma marehemu alizaliwa wapi, aliugua nini na ameacha nani. Kama hakusoma popote, nasema alipenda sana elimu. Kama alikufa kwa kukosa dawa, nasema aliugua kwa muda mfupi. Nina sauti nzuri, kila mtu anasema.

Kanda yetu imekatwa katikati na mto Kifura. Upande huu kuna hospitali, soko na ofisi. Upande wa pili kuna kijiji cha Ng'ambo, ambako hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Kiangazi watu wa Ng'ambo wanavuka kwa kushika kamba. Masika hawavuki, na wanaojaribu ndio wanaotuletea kazi.

Msidhani serikali imewasahau. Tunalo daraja. Ni la chuma, zawadi ya nchi rafiki, linakunjwa na kubebwa juu ya lori refu. Likifika ukingoni mitambo inanguruma, daraja linajikunjua lenyewe mpaka linagusa ukingo wa pili, na maji uliyoyateleka yanakuwa hayajachemka. Waziri anavuka, pilau linavuka, tunazika, tunarudi. Kisha daraja linakunjwa na kupelekwa gereji kupanguswa vumbi.

Ng'ambo ndiko nilikozaliwa, na ndiko alikokuwa akiishi mpwa wangu Kidawa, mtoto wa marehemu dada yangu. Mimi navuka daraja linapovuka, yaani panapotokea msiba. Kwa hiyo Kidawa nimemwona akikua misibani. Kwenye msiba wa babu yake alikuwa anatambaa. Kwenye msiba wa mama yake, aliyesombwa na maji akitoka kliniki, alikuwa ameng'oka meno ya mbele. Kwenye msiba wa jirani yao mmoja akanionyesha kijana mrefu mwenye aibu, akasema huyu ndiye Hatibu. Siku hiyo aliniletea sahani ya pilau, akacheka, akaniambia, "Mjomba, wewe huji mpaka tufe."

Nilicheka sana. Nilidhani ni utani.

*

Basi wakaja wahandisi. Wawili tu, na kofia zao ngumu za njano, wakapiga hema Ng'ambo kiangazi kilichopita. Mmoja ni Injinia Rukia Mbonde, mwanamke mfupi anayetembea haraka. Alikuwa akijenga mahoteli yenye mabwawa ya kuogelea juu ya paa, mpaka siku moja akajiuliza kwa nini anaweza kupandisha maji yote yale juu ili wageni waogelee, na hawezi kumvusha mama mmoja mto. Swali la hatari kama hilo mtu akijiuliza hotelini, anafukuzwa kazi au anaondoka mwenyewe. Yeye aliondoka mwenyewe. Mwenzake ni Mzee Pantaleo, aliyemfundisha chuoni, mstaafu, mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu.

Walitaka kujenga daraja la waya, la waenda kwa miguu, kwa nguvu zao na za wanakijiji. Idara ya Madaraja ikawakatalia kwa upole. Ikawaeleza kwamba Ng'ambo tayari ina daraja, limeonekana huko mara nyingi, tena limepigwa picha likiwa na Waziri juu yake. Kijiji hakiwezi kupewa daraja la pili wakati vijiji vingine havina hata la kwanza.

Ndipo wakaja kwa Mheshimiwa Waziri. Nilikuwepo, kwa sababu Mheshimiwa hupenda niwe karibu, asije akafa mtu ghafla.

"Mheshimiwa," akasema Injinia Rukia, "hatuombi kitu kipya. Lile lililopo liachwe pale pale mtoni. Lisikunjwe."

"Binti yangu," akasema Waziri, "daraja lile lina heshima yake. Limezoea majonzi. Tukianza kupitisha mbuzi na matenga ya nyanya, siku ya msiba mtanipitisha wapi mimi?"

"Lakini likiachwa pale, misiba yenyewe itapungua."

Waziri akamtazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake.

"Nani kakwambia tuna tatizo na misiba? Misiba tunaimudu. Hiyo ndiyo sekta pekee tunayoimudu, na wewe unataka kuivuruga!"

Akampa mkono, akamwambia pole kwa safari. Mazoea ya kazi.

*

Masika yakaingia kwa fujo. Kifura kikajaa mpaka ile kamba ikawa haionekani. Asubuhi moja simu yangu ikalia, ni Kidawa. Alikuwa na mimba ya kwanza, na nilijua siku zake zimekaribia.

"Mjomba shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Sauti imekuwaje?"

"Uchungu umenishika tangu jana. Mkunga anasema mtoto kalala upande, hawezi kutoka. Anasema lazima nipasuliwe. Mjomba, hakuna msiba wowote huku siku hizi?"

Nilimjibu hapana, watu wote wazima. Sijapata kusikitishwa na jibu kama hilo maisha yangu yote.

Injinia Rukia naye alikuwa amefika kwenye jawabu lile lile, ila yeye kwa kupiga hesabu. Daraja huletwa na kifo, na mgonjwa anahitaji daraja, basi kitafutwe kifo. Shida ni kwamba watu wa Ng'ambo wanatania kila kitu isipokuwa kufa. Waliombwa mmoja mmoja walale chini wafunikwe, wakakataa wote, na wengine wakahama kivuli cha hema. Mzee Pantaleo akavua kofia yake ngumu.

"Nife mimi," akasema. "Nimeshastaafu. Kutoka hapo mpaka kufa si mbali."

Habari zikapigwa Wizarani kwamba mhandisi maarufu amefariki Ng'ambo. Wizara ikafurahi, yaani ikahuzunika, na msafara ukaondoka kabla simu haijakatwa vizuri.

Nawapenda wahandisi. Ni watu wa uhakika. Walikuwa wamepima uzito wa machela na kasi ya maji, wamechagua wabebaji wanne warefu sawa, na daktari wa hospitali alikuwa kwenye gari upande huu, mwisho wa daraja, vifaa tayari. Kila kitu kilikuwa kwenye hesabu yao. Walichosahau ni hotuba.

*

Daraja likakunjuka, msafara ukavuka, maturubai yakasimama karibu na ukingo. Wabebaji wakamleta Kidawa mpaka mdomoni mwa daraja. Hapo wakamkuta Afande Lusajo, mlinzi wa daraja, kijana mtaratibu kabisa.

"Afande, huyu mama anakwenda hospitali," akasema Injinia Rukia. "Gari lile pale, unaliona."

"Amekufa?"

"Hajafa."

"Basi hana ruhusa. Mheshimiwa akiwa msibani daraja ni la msafara na marehemu."

"Akitoka msibani je?"

"Akitoka linakunjwa."

"Sasa huyu atapita saa ngapi?"

"Dada, nimeshakuuliza kama amekufa, ukasema hajafa," akasema Afande bila ukali. "Sasa mimi nikusaidieje?"

Walinipa habari hiyo sikioni nikiwa nimeshika wasifu wa Mzee Pantaleo mbele ya watu. Nikaukata pale pale. Nikasema, "Marehemu alizaliwa, akajenga, akafa. Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Tuzike." Ulikuwa wasifu mfupi kuliko wote niliowahi kusoma. Nilitazamia Waziri naye ashike njia hiyo.

Waziri akasimama, akanitazama kwa masikitiko.

"Ndugu wafiwa! Msomaji wetu ameelemewa na uchungu. Lakini marehemu huyu anastahili zaidi, na mimi nitamalizia." Akafungua kifungo cha koti, na mimi nikajua tumekwisha. "Nani angefikiri, ndugu zangu, kwamba siku moja mtu wa Ng'ambo atazikwa kwa kipaza sauti? Zamani mlikuwa mkizikana kimya kimya kama wezi! Leo mna turubai. Leo mna viti vyenye mgongo. Wale wanaobeza, waje waone!"

Watu wakapiga makofi. Alikuwa hajafika hata kwenye sufuria.

Mzee Pantaleo alikuwa akisikia yote ndani ya jeneza, kwa kuwa halikuwa limepigiliwa. Akasukuma kifuniko, akakaa. Wanawake wakapiga yowe, viti vyenye mgongo vikaanguka.

"Samahani Mheshimiwa," akasema, akakohoa. "Mimi sijafa. Naomba tufunge msiba, kuna mgonjwa anataka kupita."

Msaidizi wa Waziri akanong'ona, "Mheshimiwa, huyu anapumua."

"Naona," akasema Waziri. "Lakini rambirambi imeshatolewa, na serikali hairudi nyuma. Mlazeni. Mzee wangu, lala, tafadhali, ndiyo kwanza nafika kwenye mafanikio."

Wakamlaza. Kifuniko kikarudishwa, na safari hii mtu mmoja akakalia juu.

*

Injinia Rukia aliona yote hayo kutoka ukingoni. Akapiga magoti kwenye machela, akamnong'oneza Kidawa maneno machache. Kidawa akatikisa kichwa kukubali. Akachukua pindo la kanga, akaliuma kwa meno, na Rukia akamfunika gubigubi.

"Afande," akasema akiinuka, "amekufa."

Afande Lusajo akapiga saluti nzuri sana. "Poleni. Hapo sasa mmekuja na jambo linaloeleweka. Wasifu umeshasomwa? Marehemu havuki bila wasifu."

Nikaitwa. Rukia akanishika kiwiko, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee Mahimbo, yuko hai. Soma upesi."

Nikasimama mbele ya mtoto wa dada yangu. Kanga ilikuwa ikipanda na kushuka kifuani kwake, kidogo sana, lazima uwe unaangalia. Hatibu alikuwa amechutama pembeni, mkono wake umeingia chini ya kanga, umeshika wa mkewe. Sikuwa na karatasi. Nikasema:

"Marehemu Kidawa alizaliwa hapa Ng'ambo. Alipenda kucheka. Alipika vizuri, isipokuwa wali, wali ulimshinda. Aliutazama mto huu kila siku ya maisha yake na hakuutukana hata mara moja. Ameacha mume. Na ameacha mtoto mmoja wa kike."

Sijui kwa nini nilisema wa kike. Nilitaka asikie ana mtoto. Nikaona chini ya kanga vidole vinambana Hatibu.

Ingeishia hapo tungewahi. Lakini kipaza sauti changu kilikuwa wazi, na Waziri alisikia kule turubaini kwamba kuna msiba wa pili. Akaja mwenyewe kwa miguu, leso imeshatoka mfukoni, na watu wote nyuma yake.

"Msiba juu ya msiba!" akasema kwa hisia. "Ndugu wafiwa, kanda hii imependelewa!"

Akaanza upya, kutoka kwenye vipaza sauti. Mvua ikawa inanyesha rasharasha. Mara kanga ikatikisika yote, Afande Lusajo akageuka kutazama, Rukia akasema ni upepo. Ikatikisika tena, na hatukusikia hata mguno. Nilimsifu moyoni. Nilijisemea mtoto huyu ana moyo wa chuma, amemrithi mama yake, akifika upande wa pili nitamwambia hivyo.

Waziri alikuwa amefika kwenye wapishi Hatibu alipopiga ukelele.

"Jamani amekufa!"

"Ndiyo, amekufa," akasema Waziri kwa upole. "Pole sana, kijana."

"Amekufa! Ameniachia mkono! Jamani, Kidawa amekufa kweli!"

"Kweli kabisa," akasema Waziri, akamgusa bega. "Hakuna anayekubishia."

Mimi, Mungu anisamehe, nilidhani kijana anaigiza, nikaona anaigiza vizuri. Kisha nikaitazama kanga. Nikaingoja ipande.

Rukia hakungoja. Aliwapigia kelele wabebaji, wakakimbia na machela, na Afande akawafungulia njia kwa heshima zote. Daktari alikutana nao katikati ya daraja, na hapo hapo, juu ya chuma cha nchi rafiki, mbele ya wapishi na askari, akafanya alichoweza. Mama alikuwa ameshakwenda. Mtoto akatolewa wa bluu, akapigwa, akapuliziwa, akalia.

Wa kike.

Nimesoma wasifu nyingi, na zote zina uongo wa hapa na pale, ndiyo kazi. Huo ndio wa kwanza ambao haukuhitaji kurekebishwa neno.

*

Kidawa alizikwa siku ile ile, kwa sababu daraja lilikuwa wazi, wasifu umesomwa na hotuba imetolewa. Waziri alisifu ufanisi huo. Kisha tukavuka kurudi, daraja likakunjwa likaenda kupanguswa. Mtoto akabaki hospitalini upande huu na baba yake, kwa kuwa si wa msafara wala si marehemu, akabaki Ng'ambo.

Sasa mtoto yuko kwangu, mzima, analia kwa sauti nzuri, hiyo amenirithi mimi. Kila asubuhi nampeleka ukingoni. Hatibu anasimama upande wa pili, mimi namwinua mtoto juu, yeye anainua mikono. Anapiga kelele kitu, nafikiri ni jina, maana jina ni haki ya baba kulitoa. Lakini Kifura kinavuma, na simu ya nyumba yao ilizama mtoni siku ile, sijalisikia mpaka leo. Namwita Mtoto.

Nilikwenda kwa Waziri kuomba daraja lije limvushe.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Mheshimiwa. Amezaliwa mtu."

"Aa," akasema. "Hiyo si wizara yangu."

Nikamuuliza ni wizara ya nani. Akasema iko mbioni kuundwa.

Mzee Pantaleo, aliyetoka jenezani watu walipohamia msiba wa pili na akavushwa kama marehemu, alijitolea kufa tena, kwa kuwa keshazoea. Wizara ikamjibu kwamba mwananchi ana haki ya msiba mmoja. Hadi sasa yeye ni marehemu kwa taratibu zote, hapokei pensheni, na polisi wakimkuta mahali wanampita kama hawamwoni. Injinia Rukia anasema jambo hilo la mwisho lina faida kubwa kwa uhandisi.

Kwa hiyo nimeamua kufa mimi. Ni wiki ijayo, siku ya soko. Nimeshaomba nizikwe Ng'ambo, ubavuni mwa mpwa wangu, ili Wizara ilazimike kuvuka. Wasifu wangu nitausoma mwenyewe. Sheria inasema usomwe na Msomaji Mkuu, haisemi awe hai.

Rukia, aliyevuka na mtoto siku ile, ameniletea ombi moja tu. Safari ile nilisoma kwa ufupi. Safari hii anaomba nirefushe, nirefushe mpaka nikauke koo. Daraja lile, ameniambia, linajikunja kwa sababu lina viungo, na viungo vikichomelewa haliwezi kujikunja tena mpaka kiama. Atakuwa chini yake na mashine yake, na Mzee Pantaleo atamshikia taa, kwa sababu marehemu hakamatwi. Nilimuuliza akikamatwa yeye itakuwaje. Akasema hotelini alikuwa analala vizuri, na tangu Kidawa afe halali popote, hata jela itakuwa sawa.

Nimeanza kuandika. Nimeanzia kwa babu wa babu yangu, na bado hajaoa. Nimeweka kila ng'ombe wake kwa rangi. Nimeweka dada yangu na siku aliyotoka kliniki, na sikuandika kwamba aliugua kwa muda mfupi. Nimemweka Kidawa, sahani ya pilau, na aliloniambia. Waziri akichoka kusikiliza atataka kuzungumza mwenyewe, na hapo ndipo nitakapomwachia kipaza sauti kwa moyo mmoja, azungumze kutwa.

Kisha atavuka kurudi, mitambo itanguruma, na daraja halitaondoka. Nami nitarudi upande huu nyuma yake, nitamfunga Mtoto mgongoni kwa kanga ya mama yake, nitakwenda mpaka mdomoni mwa daraja. Afande Lusajo ataniuliza kama amekufa. Nitamjibu hajafa, na nitapita naye.